UZI: "Mradi hauko ndani ya mbuga." Hoja hii inatosha?

1/ Wadau, kila mradi mkubwa ukitajwa karibu na hifadhi, kuna mtu atasema: "Hata hauko ndani ya mbuga!" Jumamosi nilienda Watamu kujionea mwenyewe. Twende pole pole.

2/ Nilipanda matatu kutoka Malindi, nikashuka Gede, kisha boda hadi ufukweni. Mbuga ya baharini ya Watamu ilianzishwa 1968, na ni kilomita 10 tu za mraba. Maji yakiwa yamekupwa, unaona matumbawe na samaki wa kila rangi kupitia kioo cha chini ya mashua. Kasa nao hutaga mayai kwenye mchanga wa ufukwe huo.

3/ Maji yalipojaa tukaingia Mida Creek, mikoko pande zote. Pale mlangoni nahodha akanyoosha kidole kusini: Uyombo ni pale.

4/ Ndiyo, ile Uyombo iliyopendekezewa mtambo wa nyuklia wa megawati 1,000. Mwaka 2024 wakazi waliandamana kuupinga. Baadaye Siaya ikatajwa. Lakini hoja ya mpaka haijaenda popote. Kesho itakuwa hoteli, keshokutwa bandari.

5/ Shida iko hapa: samaki wengi hukulia kwenye mikoko, kisha huhamia kwenye matumbawe. Na maji ya Mida hupita mlango huo kila siku, kuingia na kutoka. Mtambo wa pwani hupozwa kwa maji ya bahari na kuyarudisha yakiwa na joto zaidi. Joto la El Niño la 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani yetu. Kwa hivyo unaweza kuharibu mbuga bila kukanyaga ndani yake.

6/ Tuwe wakweli, upande wa pili pia una hoja. Vijana wa Kilifi wanataka kazi, na nchi inataka umeme. Hata mbuga yenyewe iliwagharimu wavuvi, maana ndani yake hakuna kuvua.

7/ Sheria je? Kubadilisha mpaka wa mbuga lazima Bunge liidhinishe. Ukijenga nje ya mpaka, Bunge halihusiki hivyo. Kinga kubwa ni ripoti ya athari kwa mazingira, ambayo hupelekwa NEMA, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi. Cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini hata kama wewe binafsi hujapata hasara.

8/ Kwa hivyo mwanasiasa akikwambia "hauko ndani ya mbuga", usibishane naye kuhusu ramani. Muulize: maji yatatoka wapi, yatarudi wapi, yakiwa na joto gani? Ripoti iko wapi, na wavuvi waliulizwa kabla au baada ya eneo kuchaguliwa?

Kama una la kuongeza, hasa watu wa Kilifi, tia hapo chini.