Mwendesha baiskeli afanye nini wakati wa masika?

Ukiishi Mtoni na kuzoea kuendesha baiskeli asubuhi kuelekea Bububu na Mahonda, mvua za masika, Machi hadi Mei, hukukatisha mazoezi. Barabara huteleza, mashimo hufichwa na maji na madereva hawakuoni vizuri. Kupumzika siku chache kunaufaa mwili. Lakini ukikaa wiki mbili au tatu bila mazoezi, uwezo wa moyo na mapafu huanza kushuka.

Mvua zikinyesha

• Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea haraka mvua ikikatika kunahesabika.

• Siku mbili kwa wiki, fanya mazoezi ya misuli, kama pushapu na kuchuchumaa na kusimama. Baiskeli huijenga zaidi miguu. Mikono na mgongo husahaulika.

Mvua zikiisha

Usianze na safari ndefu. Anza na nusu ya masafa uliyozoea, kisha ongeza kidogo kidogo kila wiki. Toka kabla jua halijawa kali na beba maji. Mkojo wa rangi iliyokolea huashiria kwamba hunywi maji ya kutosha.

Dalili za hatari

Mwenzako akichanganyikiwa, akipepesuka au mwili ukiwa wa moto sana, mweke kivulini, mmwagie maji, mpepee na mpeleke hospitali mara moja. Maumivu ya kifua nayo si ya kungoja.