Wimbo Tunaujua, Jina la Mwimbaji Hatulijui

Kila mwezi wa kumi na mbili, Noeli inapokaribia, kuna wimbo mmoja unaopigwa sana Kenya na Tanzania. Unapigwa redioni, madukani na ndani ya mabasi, nao unaitwa "Kakolele". Ukiuliza vijana mwenye wimbo ni nani, wengi watakujibu, "Ni Mukenya." Sivyo. Ni Baba Ilunga wa Gaston, ambaye wengi walimwita tu Baba Gaston. Alizaliwa Likasi mwaka 1936. Ni mtoto wa Katanga, mtoto wa mji wa shaba, kama wengi wenu mnaosoma gazeti hili.

Wasomaji wapenzi, makala hii ni juu ya watu kama huyo. Walitoka katika miji na kampi zetu, wakaimba kwa Kiswahili, na nchi jirani zikawapokea kwa furaha. Lakini sisi, ndugu zao wa damu, tumeshika wimbo na kuangusha jina. Jambo hili si dogo. Mtu akifanya kazi ya maisha yake yote, kisha watoto wa kwao wasijue hata anaitwa nani, kuna deni ambalo halijalipwa.

GITAA LA KAMPI

Tuanze mbali kidogo. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni ilileta wanaume peke yao, wakafanya kazi kwa muda mfupi na kurudi vijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mpango: mfanyakazi akaruhusiwa kukaa kampini na bibi yake na watoto. Basi Elisabethville, Jadotville na Kolwezi, watu wa makabila mengi wakawa majirani, mlango kwa mlango. Wengine walitoka Kasai, wengine Lomami, wengine Rwanda, wengine ng'ambo ya mpaka katika nchi inayoitwa leo Zambia. Wakasikilizana kwa Kiswahili.

Mshahara ulipotoka, kijana aliweza kununua gitaa. Halikuhitaji umeme wala kundi kubwa la watu. Rafiki mmoja aligonga chupa tupu kwa chuma kidogo, na muziki ulikuwa tayari.

Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alizunguka Kongo na mashine yake ya kunasa sauti. Kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alimkuta kijana wa miaka kama ishirini na miwili, mzaliwa wa Bunkeya, wa kabila la Bayeke. Jina lake Mwenda Jean Bosco. Tracey alinasa nyimbo zake, kati yake "Masanga" na "Bombalaka", na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ikazitoa katika diski. Zikasikika nchi nyingi.

Siku moja niliwasikilizisha vijana wa hapa Rugenge wimbo huo wa "Masanga" kwa simu. Mmoja akasema mara moja, "Pasta, hapa kuko magitaa mbili." Nikamwambia, "Hapana, ni moja, na mtu ni mmoja." Walikataa kabisa mpaka tukarudilia mara tatu. Siri yake iko katika vidole viwili vya mkono wa kuume. Kidole gumba kinatembea chini kwenye nyuzi nene, kinashika mwendo kama mpiga bezi. Kidole cha shahada kinacheza juu kwenye nyuzi nyembamba, kinaimba wimbo mwingine. Viwili hivyo vinajibizana, na mwimbaji anaweka sauti yake katikati. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft aliandika uchunguzi mrefu juu ya namna Bosco alivyopiga, akiweka sauti kwenye karatasi moja kwa moja. Watu wa vyuo vikuu vya mbali walikaa chini kujifunza vidole vya kijana wa Bunkeya!

Bosco aliishi Nairobi kwa muda katika miaka hiyo, akawa na kipindi chake redioni, na wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwa kumsikiliza. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha kubwa la Newport, Marekani. Mwaka 1990 akafa kwa ajali ya gari katika Zambia.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa na ndugu yake Edouard Masengo, aliyeimba pamoja na kundi la JECOKE la mtaa wa Kenya kule Elisabethville. Masengo naye alifika Nairobi, akaimba matangazo ya Coca-Cola, na sauti yake laini ikapendwa sana. Alifariki mwaka 2003. Kulikuwa na Losta Abelo wa Lubumbashi. Kulikuwa na Patrice Ilunga na Victor Misomba, ambao Tracey aliwanasa pia katika miaka ya 1950. Ndugu msomaji, kati ya majina haya umesikia mangapi mbele ya leo?

WALIOONDOKA NA MAGITAA

Baadaye yalikuja magitaa ya umeme na orkestra kubwa. Wanamuziki wengi wa mashariki waliondoka kutafuta maisha. Wengine walipita Zambia, wengine Uganda, na wengine walikwenda moja kwa moja Tanzania. Sisi wa pwani ya ziwa tunaelewa mwendo huo. Mtu akisimama Kalundu anaona mashua zinazokwenda Kigoma, na anajua ya kuwa maji hayatenganishi watu sana kama ramani inavyoonyesha.

Baba Gaston alifika Dar es Salaam mwaka 1971 na orkestra yake Baba National, na mwaka 1975 akahamia Nairobi. Alikuwa kama mwalimu, vijana wengi walipita mkononi mwake. Mwaka 1976 baadhi yao waliachana naye wakaunda Les Mangelepa, kundi ambalo miaka zaidi ya arobaini baadaye wazee wake walikuwa bado wanapanda jukwaani. Baba Gaston alifariki mwaka 1997.

Kulikuwa na Super Mazembe. Kundi hili lilianza kwetu kwa jina la Super Vox, likiongozwa na Mutonkole Longwa Didos. Likapita Zambia na kufika Nairobi mwaka 1974. Mazembe ni zile mashine kubwa za kusukuma udongo, ambazo watoto wa migodini wanazijua mbele ya kujua kusoma! Ndio waliopiga "Kassongo" na "Shauri Yako" iliyosikika Afrika Mashariki yote. Hiyo "Shauri Yako" nayo ina mwenyewe wa kwanza, Mkongomani mwingine, Nguashi N'Timbo. Mwisho wa mwaka 2024 na mwanzo wa 2025, vijana wa Kenya waliifufua "Kassongo" katika simu zao, wakaicheza na kuitania. Walioipiga walikuwa watu wa rika la babu zao, na wengi wa wale vijana hawakujua kundi linaitwaje.

Dar es Salaam walifika Orkestra Maquis, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na alifika Remmy Ongala. Huyu alizaliwa Kindu mwaka 1947. Akiwa mtoto alifiwa na baba, kisha na mama, akajitafutia riziki kwa muziki. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kujiunga na orkestra ya mjomba wake, Mzee Makassy, na baadaye akaongoza Super Matimila. Aliimba juu ya kifo, juu ya umaskini, juu ya mtu mnyonge asiyesikilizwa. Alipoimba juu ya kujikinga na UKIMWI, wimbo huo haukupigwa kwenye redio ya taifa, lakini watu waliutafuta. Mtaa aliokaa watu wanauita Sinza kwa Remmy. Hebu fikiri: mtoto yatima wa Kindu, na mtaa wa mji mkubwa wa Tanzania unabeba jina lake! Katika miaka yake ya mwisho aliacha muziki wa dansi, akaimba nyimbo za Injili mpaka alipofariki mwezi wa kumi na mbili 2010. Tanzania ililia sana. Kwetu Kongo walioona habari hiyo walikuwa wachache.

KWA NINI TULIWASAHAU?

Sababu ya kwanza ni lugha na mji mkuu. Kampuni kubwa za diski zilikuwa Léopoldville, na redio na televisheni zilifuata Kinshasa na Lingala. Aliyeimba kwa Kiswahili kule Likasi au Kindu alionekana kama mtu wa pembeni. Mwezi wa kumi na mbili 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa dunia. Tulifurahi, na ilikuwa haki. Lakini majina yaliyotajwa midomoni mwa watu siku ile yalikuwa karibu yote ya Kinshasa na Brazzaville. Mashariki tulipiga makofi kama wageni katika arusi ya ndugu yetu.

Sababu ya pili, sauti zenyewe hazikukaa kwetu. Kazi ya Tracey iko Afrika Kusini, katika nyumba ya kutunzia muziki wa Afrika aliyoiunda mwaka 1954, ambayo leo iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Mtu wa Likasi akitaka kusikia sauti ya babu yake, inabidi aiombe kutoka kule.

Sababu ya tatu ni mateso yetu. Vita viliwaka hapa Uvira mwaka 1996, watu wakakimbia na mtoto mgongoni. Nani angebeba diski? Halafu mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi. Nyumba ikibebwa na maji, kaseti na picha zinakwenda nayo.

Sababu ya nne iko mikononi mwetu leo. Tunapokezana nyimbo za zamani kwa kadi ya simu, na kwenye kadi imeandikwa tu "zilipendwa 1", "zilipendwa 2". Jina limekwisha kufutwa.

JE, MKRISTO AWAJALI?

Najua kuna mzazi anayeuliza, "Mchungaji, hawa si watu wa baa?" Ni kweli, wengi walipiga mahali penye pombe, na si kila neno walilolisema nitalifundisha watoto. Mzazi ana haki ya kuchagua nyimbo za nyumbani mwake. Lakini kuchagua si sawa na kumfuta mtu. Fundi akijenga nyumba nzuri tunakubali kazi yake ni nzuri, hata kama hatukai naye katika benchi moja siku ya Yenga. Na Bwana wetu mwenyewe alisema juu ya nabii asiyepata heshima katika mji wake. Alijua uchungu wa kusahauliwa na watu wa nyumbani.

Tena, mnadhani gitaa la kwaya zetu lilitoka wapi? Yule ndugu anayepiga solo siku ya ibada hakuzaliwa nalo. Alifundishwa na mtu, naye alifundishwa na mwingine. Ukirudi nyuma hatua kwa hatua, hutakawia kufika kwenye gitaa la kampi.

Na kuna wengine ambao hakuna Tracey aliyepita kwao. Kila kampi, kila mtaa wa Uvira, Kamituga au Kalemie ulikuwa na mpiga gitaa wake, na kila kwaya ilikuwa na mtunzi wake. Hao ndio walio katika hatari kubwa, kwa sababu jina lao limebaki katika vichwa vya wazee wachache tu. Mzee akiondoka, limekwisha.

TUFANYE NINI?

Ninyi vijana, kazi hii inawafaa, na haiombi franga nyingi.

Kwanza, nendeni kwa wazee. Mzee aliyefanya kazi mgodini, mama aliyeimba kwaya ya kwanza ya parokia, waulizeni: Nani alipiga gitaa hapa? Kundi liliitwaje? Lilianza mwaka gani? Nani alitunga wimbo huu? Andikeni katika daftari, si katika simu peke yake, maana simu inaibiwa.

Pili, chukueni picha za zamani na kuandika majina nyuma, polepole, kwa kalamu ya risasi ili karatasi isiharibike.

Tatu, kaseti ziwekwe mahali pakavu, mbali na jua na mbali na spika, kwa sababu sumaku ya spika inafuta sauti. Ikiwa kuna redio ya kaseti inayofanya kazi, chezeni kaseti na kuinasa kwa simu, kisha wekeni nakala katika nyumba mbili tofauti. Maji yakibeba moja, nyingine itabaki.

Nne, mnaotumiana nyimbo, andikeni jina la mwimbaji na la kundi mbele ya kutuma. Na kwaya inaposimama kuimba, kiongozi aseme kwanza: "Wimbo huu ulitungwa na fulani." Ni maneno machache tu, lakini mtunzi akiwa ameketi pale nyuma na fimbo yake, mtaona uso wake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni wimbo gani wa zamani jamaa yetu inaupenda? Tunajua nani aliuimba, na alizaliwa wapi?
2. Ni mzee gani katika mtaa wetu alipiga muziki au kutunga nyimbo? Nani atamtembelea juma hili?
3. Katika kwaya yetu, nyimbo ngapi zina jina la mtunzi daftarini?