Garimoshi Dogo, Moto wa Kweli: Jinsi ya Kusubu na Kuunda Injini ya Mvuke



Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, kuna kichwa cha garimoshi nambari 5918 kiitwacho Mount Gelai. Ni kimoja kati ya vichwa 34 vya aina ya 59 vilivyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Vilipewa majina ya milima yetu. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na hakuna kichwa cha mvuke kilichovishinda kwa nguvu katika reli za upana wa mita 1. Kufikia mwaka 1980 kazi yao ilikuwa imekwisha.

Lakini wako watu wanaounda magarimoshi ya namna hii upya, kwa kipimo kidogo, katika karakana zao za nyumbani. Kule Uingereza gazeti la mafundi hawa, Model Engineer, lilianza mwaka 1898. Na msidhani ni vidoli vya kuweka kabatini. Katika miaka ya 1920 fundi mmoja aliyeandika kwa herufi LBSC alibishana sana na wenzake waliosema boila ndogo haiwezi kuchoma makaa ya mawe na kuvuta mtu mzima. Injini yake Ayesha, ya reli yenye upana wa inchi 2 na nusu tu, ikawaonyesha kwamba inawezekana.

Mtu atauliza, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa, ambalo leo ni NCCK, lilitoa ripoti juu ya vijana wanaomaliza shule bila kazi, na politekniki za vijiji zikazaliwa. Kijana anayejua kusubu gurudumu la garimoshi dogo ndiye huyo huyo atakayesubu puli ya mashine ya posho ikivunjika. Ufundi ni ule ule. Tena ni wa zamani: kitabu cha Wafalme wa Kwanza, sura ya 7, kinatueleza kwamba vyombo vya shaba vya hekalu la Sulemani vilisubiwa katika udongo wa bonde la Yordani.

VIPIMO HAVIPUNGUI SAWASAWA

Tuseme unataka kuunda Mount Gelai kwa kipimo cha 1 kwa 12. Urefu wake wa karibu mita 32 unakuwa mita 2.6. Gurudumu la kuendeshea la milimita 1,372 linakuwa milimita 114. Mpaka hapo ni hesabu ya kugawanya tu.

Sasa angalia uzito. Uzito haugawanywi kwa 12, bali kwa 12 mara 12 mara 12, yaani 1,728. Tani 250 zinabaki kilo 145 hivi. Eneo la nje nalo linagawanywa kwa 144. Maana yake, kila lita ya maji katika boila ndogo ina eneo la kupotezea joto mara 12 kuliko katika boila kubwa. Ndiyo sababu boila ndogo hupoa upesi na ni lazima ifunikwe vizuri.

Tena, bomba la moshi la sentimita 5 likigawanywa kwa 12 linakuwa milimita 4. Litazibwa na masizi kabla maji hayajachemka! Kwa hiyo fundi huweka mabomba machache yaliyo mapana zaidi. Ribiti za nje, ngazi na vishikio unaweza kuviiga kabisa. Kinachopitisha moto, maji na mvuke lazima kifuate kazi yake, si sura.

KIELELEZO CHA MBAO

Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu, yaani tundu lenye umbo la kile unachotaka. Tundu hilo hupatikana kwa kubonyeza kielelezo cha mbao ndani ya mchanga.

Kielelezo hakilingani kabisa na kitu kitakachotoka. Chuma cha kusubu kikipoa hupungua karibu asilimia 1, aluminiamu zaidi kidogo. Pia lazima ubakishe nyama ya kukereza, milimita 2 au 3 kila upande. Basi gurudumu la milimita 114 linataka kielelezo cha milimita 120 hivi. Ukisahau, utapata gurudumu zuri lakini dogo, na kazi ya siku nzima imepotea.

Pande za kielelezo ziinamishwe kidogo, nyuzi 1 au 2, ili kitoke bila kubomoa mchanga. Kisha kipigwe msasa na kupakwa vanishi mpaka kiteleze.

MCHANGA NA KALIBU

Mchanga mzuri ni laini, una udongo wa mfinyanzi kidogo na unyevu kidogo tu. Jipime hivi: ukiukamata mkononi ushikane, na ukiuvunja uvunjike safi bila kukuachia tope.

Kalibu huwa na fremu mbili za mbao, ya chini na ya juu. Kielelezo huwekwa kwenye ya chini, mchanga unashindiliwa, fremu inageuzwa, unga mkavu unanyunyizwa ili nusu mbili zisishikane, halafu ya juu inajazwa. Toboa njia ya kumiminia na tundu jingine la kupumulia hewa na gesi. Tenganisha fremu, toa kielelezo polepole, rudisha.

Kitu chenye shimo, kama silinda, kinahitaji kiini. Hiki ni mchanga uliochanganywa na kishikizo kama molasi, ukaokwa mpaka ukawa mgumu. Madini yakizunguka kiini, shimo linabaki.

KUYEYUSHA NA KUMIMINA

Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660. Mafundi wetu wa jua kali wanaosubu sufuria nzito wanaijua vizuri, na ndiyo ya kujifunzia. Shaba nyekundu huhitaji nyuzi 1,085. Chuma cha kusubu kinahitaji karibu 1,200, na hiyo si kazi ya jiko la nyuma ya nyumba. Afadhali upeleke kielelezo chako kwa kiwanda cha kusubu. Magurudumu ya kudumu yawe ya chuma hicho. Silinda nazo ziwe za chuma hicho au za mchanganyiko wa shaba na bati.

Hapa kuna hatari mbili ambazo watu huzidharau. Ya kwanza ni maji. Tone moja la maji chini ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla, na mvuke ule unahitaji nafasi mara 1,600 hivi ya maji yenyewe. Madini yatarushwa usoni mwako. Kwa hiyo pasha moto kila chuma chakavu na kila kijiko kabla ya kukitia. Wala usimimine juu ya sakafu ya simiti, maana simiti ina unyevu ndani na hupasuka. Mimina juu ya mchanga mkavu, ukiwa na viatu vya ngozi, miwani na nguo za pamba.

Ya pili ni moshi mweupe wa zinki utokao kwenye shaba ya njano na mabati. Huleta homa na maumivu ya kifua. Ati ukinywa maziwa hutadhurika? Maziwa hayazuii moshi kuingia mapafuni. Fanya kazi mahali penye upepo, na mabati usiyayeyushe kabisa.

KUKEREZA NA KUUNGANISHA

Vipande vikipoa huenda kwenye mashine ya kukereza. Ekseli huingizwa kwa nguvu katikati ya gurudumu. Na hapa pana siri moja: mkono wa gurudumu la kulia na ule wa kushoto hupishana kwa nyuzi 90, yaani kona mraba. Pistoni ya upande mmoja ikifika mwisho na kukosa nguvu ya kusukuma, ya upande wa pili iko katikati na inasukuma. Bila hivyo garimoshi lingekwama njiani. Ekseli zote ziwe na kona ile ile, la sivyo vyuma vinavyounganisha magurudumu vitakaza na kukataa kuzunguka.

BOILA HAINA MSAMAHA

Gurudumu likitoka vibaya unalirudisha kwenye tanuri. Boila ikitoka vibaya inaua. Boila ya garimoshi dogo hutengenezwa kwa shaba nyekundu iliyounganishwa kwa lehemu ya fedha. Lehemu laini ya redio haifai hata kidogo. Na tunawasihi vijana: msikate mtungi wa gesi mkauita boila!

Boila mpya hupimwa kwa maji baridi. Ijazwe mpaka hewa yote itoke, kisha isukumwe kwa pampu hadi mara mbili ya kanieneo itakayofanya kazi. Tunatumia maji kwa sababu hayashindiliki: boila ikishindwa, itavuja tu. Ukiipima kwa hewa, italipuka kama bomu. Boila iwe na valvu mbili za usalama na kioo cha kuonyesha maji. Maji yasishuke kamwe chini ya paa la chumba cha moto. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka boila za mvuke kazini zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Politekniki isiwashe moto kabla ya kumwita.

PA KUANZIA

Usianze na Mount Gelai. Ule ni kama injini mbili chini ya boila moja, silinda nne! Tafuta mchoro wa injini ya magurudumu manne, kama Tich ya LBSC. Kundi la vijana watano na mwalimu mmoja lianze hivi: muhula wa kwanza, kielelezo cha gurudumu moja na kulisubu kwa aluminiamu mpaka litoke bila vishimo. Muhula wa pili, silinda. Muhula wa tatu, unganisheni injini na muizungushe kwa hewa ya kompresa, kwa kanieneo ndogo. Itawaonyesha kila kosa bila moto wala hatari. Boila ije mwisho, mkiwa na mtu anayeijua.

Wazee waliofanya kazi katika karakana za reli wanazidi kupungua. Kama yuko mmoja katika kanisa lenu aliyewahi kuchonga vielelezo au kutunza boila, mwalikeni karakanani mapema, akiwa bado ana nguvu ya kushika patasi.