Mlinzi Alipogeuka Mlango

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu sisi hubana milango kwa kumhofu mgeni, tukasahau kumchunguza bawabu.

Mwaka wa 1998 Mmarekani Martin Roesch aliunda programu iitwayo Snort. Kazi yake ni kukagua habari zipitazo katika mtandao wa tarakilishi na kupiga mbiu ionapo dalili za uhalifu. Mnamo Aprili 2003 ilitangazwa kwamba mlinzi huyu mwenyewe alikuwa na kasoro. Mhalifu angeweza kutuma vipande vya habari vilivyopangwa kwa hila, na wala hakulazimika kuvielekeza kwenye mashine yenye Snort. Ilitosha vipite mahali inapolinda. Kwa kuvisoma tu, mlinzi angemkabidhi mhalifu mamlaka juu ya mashine hiyo.

Chanzo kilikuwa hesabu. Vipande vya habari hutiwa nambari ili vipangwe upya vifikapo. Nambari hizo zina kikomo, nacho ni 4,294,967,295. Ukiongeza moja, unarudi kwenye sifuri, mithili ya mita ya matatu kuukuu ifikayo 999,999 kisha ikaanza upya, na gari likaonekana jipya! Kwa hila ya mhalifu, hesabu ya Snort ilivuka kikomo na kutoa jibu la uongo. Programu ikaamini kwamba habari zitaenea mahali palipotengwa, ikazinakili hadi zikamwagikia penginepo.

Hapa ndipo nionapo wajibu wetu wanaisimu. Atakayetafsiri jina la kasoro hii neno kwa neno atasema "kufurika kwa nambari". Sikubaliani naye. Kitu kikifurika, watu huona. Nambari haifuriki, hujirudia kimyakimya. Kifurikacho ni habari, tena baadaye. Mwanafunzi aliyekaririshwa "kufurika" atatafuta maji sakafuni, ilhali hatari imo katika ule ukimya. Mimi napendekeza "kuzunguka kwa nambari".

Kasoro hiyo ilirekebishwa katika toleo la 2.0 mwaka uo huo wa 2003. Hata hivyo, funzo lake halijachakaa. Walimu wenzangu, tusiwaridhie wanafunzi wanaopata jibu sahihi tu. Tuwazoeze kuuliza: nambari hii ina kikomo gani, na ikikivuka, ni nani atakayetuambia?