Kabla zege halijamwagwa: Kijenge na ardhi inayotikisika

Jioni ya Julai 17, 2007, majira ya saa kumi na moja, ardhi ya Arusha ilitikisika. Nairobi nako wafanyakazi walishuka mbio kutoka kwenye maghorofa. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na chanzo chake kilikuwa eneo la Mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron, takriban kilomita 100 kutoka Kijenge, hapa Arusha. Mitetemo iliendelea kwa wiki kadhaa, kisha Septemba 4 Oldoinyo Lengai, jirani wa Gelai, ukaanza kurusha majivu.

Wanasayansi walipolinganisha vipimo vya rada za setilaiti vya kabla na baada, waliona kwamba ardhi ya Gelai ilikuwa imepasuka na kuachana. Chini kwa chini, mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yamejipenyeza ndani ya ufa kama kabari ndani ya gogo, yakasukuma kuta zake huku na huku, kisha yakagandia humohumo bila kufika juu.

Hiyo ndiyo kazi ya Bonde la Ufa. Upande wa mashariki wa Afrika unajitenga na upande wa magharibi kwa milimita chache tu kwa mwaka, kiasi kwamba tangu Uhuru wa 1961 hadi leo pengo la huku kwetu halijaongezeka zaidi ya shibiri moja hivi. Lakini miamba haitelezi kwa utaratibu. Hung'ang'aniana miaka mingi, hupindika kama upinde, halafu huachia ghafla. Mlima Meru tunaouona kila asubuhi ni mtoto wa ufa huohuo: ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na miamba yake ya volkano ndiyo inayotia maji yetu floraidi inayobadilisha meno ya watoto kuwa ya kahawia.

Kila baada ya mtikisiko, simu hujaa ujumbe unaotaja saa ya tetemeko linalofuata. Ufute. Hakuna mtaalamu, awe wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kule Dodoma au wa Japani, anayeweza kutaja siku na saa. Ujumbe huo huumiza watu kwelikweli: wazee wenye presha hukesha nje kwenye baridi, na watoto hushindwa kulala. Mtoto mwambie ukweli mfupi, kwamba mitetemo midogo hufuata ile mikubwa, na mwonyeshe mtakapokutana nyote mkitoka nje.

Ukitaka kujua tetemeko la ukubwa ule linaweza kufanya nini, tazama Kagera. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la 5.9 lilipiga karibu na Nsunga, wilayani Missenyi. Zaidi ya watu 15 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilibomoka kiasi cha kufungwa. Chanzo kilikuwa kama kilomita 40 chini ya ardhi. Ukubwa ulikuwa uleule wa Gelai, ila Gelai ni nyika yenye maboma machache ya wafugaji, na Bukoba, kule Kagera, ni mji wa kuta za matofali. Mtikisiko peke yake ni nadra kuua mtu. Waliokufa Kagera waliangukiwa.

Tetemeko likitokea Natron, wimbi la kwanza hutufikia likiwa dogo, kama lori zito limepita barabarani. Lile la pili, linaloyumbisha kuta, huchelewa sekunde kumi na kitu. Muda huo ni mfupi, lakini unatosha kuingia chini ya meza imara, kushika mguu wake na kukinga kichwa. Aliye ghorofani asikimbilie ngazi. Aliye katika nyumba ya tope au ya matofali dhaifu, akiwa hatua mbili kutoka mlangoni, ni heri atoke hadi uwazini, mbali na ukuta wa uzio na nyaya za umeme. Ardhi ikitulia, funga mtungi wa gesi kabla ya kuwasha chochote.

Kuna jambo moja ambalo waokoaji wa mtaani hawana budi kulijua. Mwaka 1941, London ikipigwa mabomu, daktari Eric Bywaters alieleza habari za watu waliotolewa kifusini wakizungumza vizuri, kisha wakafa siku chache baadaye kwa figo kushindwa kufanya kazi. Msuli uliokandamizwa kwa saa kadhaa huoza taratibu, na uzito ukiondolewa, sumu yake huingia kwenye damu kwa mkupuo. Kwa hiyo aliyebanwa mguu kwa muda mrefu anahitaji dripu mapema, ikiwezekana kabla hajanasuliwa, na lazima afikishwe hospitali hata akisema hajambo. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji, huku mkiendelea kumsemesha.

Lakini kazi kubwa hufanywa wakati nyumba bado ni boma. Bati letu jepesi linatusaidia. Hatari yetu iko kwenye kuta na nguzo. Lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika, na nondo zake zikunjwe kwenye kona na kupishana, zisiishie ukutani. Ringi zinazofunga nondo za nguzo zisogezwe karibu-karibu, hasa kwenye vichwa na miguu ya nguzo, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani. Zege limwagiliwe maji siku saba. Ninachokihofia zaidi ni majengo yenye fremu za maduka chini na vyumba juu: chini ni nguzo nyembamba na milango mipana, juu ni kuta nzito, na likiyumba, ghorofa la chini ndilo hulegea kwanza. Tanki la lita 1,000 lililopandishwa mnarani nalo ni tani nzima inayoning'inia.

Ringi zikishafunikwa hakuna awezaye kuzihesabu tena. Fika saiti asubuhi ya kumwaga zege, uzihesabu mwenyewe na fundi akiwa pembeni yako, kabla toroli la kwanza halijaja.