Mwanao Akikuambia Anavutiwa na Watu wa Jinsia Yake

Mada ya leo ni jambo ambalo katika nyumba nyingi hunong'onwa tu. Utafanya nini siku binti yako atakapokuambia kwamba havutiwi na wavulana bali wasichana? Au kijana wako akikuambia kwamba anawapenda wavulana wenzake? Au mtoto uliyemlea kama msichana akikuambia kwamba moyoni anajiona mvulana?

Pengine hatakuambia yeye mwenyewe. Pengine utaitwa na mwalimu wa bweni, au shangazi yake atasoma ujumbe kwenye simu. Vyovyote vile, utakayofanya siku hiyo na majuma yatakayofuata yanaweza kuokoa maisha ya mwanao au kuyahatarisha. Hilo ndilo tunalotaka ulishike leo.

Je, mwanangu ni mgonjwa?

La. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya kuvutiwa na watu wa jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa mwaka wa 1990. Mwaka wa 2019 likapitisha orodha mpya, ambayo haimhesabu tena mtu anayejihisi wa jinsia nyingine kuwa mgonjwa wa akili. Mwaka wa 2016 chama cha madaktari wa akili duniani kilieleza kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi kuwa mtu anaweza kubadilishwa, na kwamba kujaribu kumbadilisha kunaweza kumdhuru. Kwa hivyo, ukiuziwa dawa ya kumponya, hifadhi pesa zako.

Je, nilikosea wapi?

Mama wengi hujiuliza: Ni kwa sababu nilimlea bila baba? Ni kwa sababu nilimpeleka bweni mapema? Wataalamu hawajapata ushahidi kwamba malezi ndiyo chanzo. Usijilaumu, wala usimlaumu baba yake.

Je, nikimkataa atarudi kwenye njia yangu?

Mambo huwa kinyume. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2009 uliwahoji vijana 224 wa umri wa miaka 21 hadi 25. Waliokataliwa sana na familia zao walipokuwa wadogo walilinganishwa na wale ambao hawakukataliwa, au walikataliwa kidogo tu. Uwezekano wao wa kuwa wamejaribu kujiua ulikuwa zaidi ya mara 8. Wa kuwa na huzuni nzito, karibu mara 6. Wa kutumia dawa za kulevya, na wa kufanya ngono bila kinga, zaidi ya mara 3.

Vijana hao waliishi mbali na sisi, lakini mambo yaliyowaumiza tunayajua: matusi, kipigo, kutengwa, kuambiwa kila siku kwamba wanaiaibisha familia. Na hapa kwetu, mtoto aliyefukuzwa nyumbani hulala wapi usiku huo? Anayempokea mara nyingi humtaka alipe kwa mwili wake.

Basi nifanye nini?

Kwanza, sikiliza kabla ya kujibu. Maneno machache yanatosha: "Asante kwa kuniambia. Wewe bado ni mwanangu. Nipe muda nielewe." Kama tayari ulimfokea, rudi kesho yake umwombe radhi. Mtoto husamehe upesi akiona mzazi amerudi.

Pili, asitoke nyumbani. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, makao, mavazi, matibabu na elimu. Haikusema ni mtoto wa namna gani.

Tatu, tunza siri yake. Usiipeleke kwenye chama, wala kwa jirani, wala kwa jamaa asiyeweza kufunga mdomo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vifungu vya 162 na 165, bado inaharamisha vitendo vya ngono vya jinsia moja, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Neno likitoka nje linaweza kumletea mwanao kipigo au vitisho. Muulize mwenyewe nani aambiwe, na lini.

Nne, usikubali atendewe ukatili ati abadilike. Kumchapa, kumfungia, kumnyima chakula, au kumwoza kwa nguvu ni kumtesa. Kuna wasichana ambao hubakwa ili "wafunzwe kupenda wanaume". Huo ni ubakaji, ni kosa kubwa chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006. Likitokea, mpeleke hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi.

Tano, tazama dalili za hatari: halali, hali, amejitenga, anagawa vitu vyake, anasema afadhali afe. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za shambani na vidonge vilivyo karibu. Mpeleke hospitali bila kuogopa polisi, kwani Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba. Unaweza pia kupiga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, usiku na mchana.

Na imani yangu je?

Hakuna anayekuomba uiache. Unaweza kuswali au kusali, ukawa na maswali usiyoyapatia majibu, na bado ukampakulia mwanao chakula na kumuuliza siku yake ilikuwaje. Si lazima uelewe kila kitu leo ndipo umpende. Baba akiwa na hasira, zungumza naye kando, mtoto asiposikia. Mtafute pia mtu mmoja mwenye busara, nesi au mshauri anayetunza siri, umweleze uchungu wako ili usiumwagie mtoto.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Majirani watasema, kisha watapata habari nyingine. Mwanao huna mwingine wa kuweka mahali pake.

Hadi mazungumzo yajayo, mlinde mwanao. Kwaheri.