Nyongeza ya Nini? Istilahi za Bima ya Afya kwa Wazee

Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno machache ambayo mtafsiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hukutana nayo kila wanapomweleza mzee habari za bima ya afya. Maneno yenyewe huonekana mepesi. Lakini aliyeyaelewa visivyo aghalabu huja kuligundua kosa hilo dirishani mwa hospitali, akiwa mgonjwa, na fedha yake imekwisha kutolewa.

Tuchukue mfano wa mzee wa Tunduma mwenye umri wa miaka 68, aliyeishi kwa kuuza mahindi karibu na mpaka wa Zambia. Anaambiwa kuwa ipo bima ya nyongeza iliyo nafuu. Swali la kwanza linalompasa ni la lugha: nyongeza ya nini? Nyongeza haisimami peke yake. Huwekwa juu ya kitu kilichokwisha kuwapo. Kwa hiyo twapendekeza istilahi mbili zifuatane daima: bima ya msingi, yaani ile inayolipia matibabu ya kawaida, na bima ya nyongeza, yaani ile inayolipia yaliyoachwa na bima ya msingi. Wako wasemao bima ya ziada. Sisi twaliona neno ziada kuwa na kasoro, maana humfanya msikilizaji adhani ni kitu kilichozidi haja. Mzee asiye na bima ya msingi akiuziwa nyongeza, amenunua paa kabla ya kuta.

Basi hapana budi kwanza kuutafuta huo msingi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri asilimia 3. Mchangiaji huyo aliruhusiwa kuandikisha wategemezi, na wazazi wake wamo. Ikiwa mzee wetu ana binti mwalimu huko Vwawa, yafaa aulize kama msingi wake haupatikani kwa njia hiyo. Lakini neno mtegemezi lataka uangalifu. Mtegemezi ni yule amtegemeaye mwingine. Ategemewaye ni mtegemewa. Mzee akiandika jina la binti yake penye neno mtegemezi, kwa kuwa ndiye anayemtegemea, fomu nzima imepinduka.

Njia ya pili ilikuwa Mfuko wa Afya ya Jamii. Utaratibu ulioboreshwa wa mwaka 2018 uliweka shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, kwa matibabu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Hapa pana neno rufaa. Mzee wengi wao hulijua kwa habari za mahakamani. Hospitalini maana yake ni mgonjwa kupelekwa kituo cha juu zaidi. Mtu wa Tunduma aulize waziwazi: nikipelekwa Mbeya, kilomita 100 hivi kutoka hapa, bima hii itanifuata?

Njia ya tatu ni msamaha wa matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na kwa utaratibu wa serikali mzee asiye na uwezo hutibiwa bila malipo. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, msamaha hupewa mkosaji, na mzee mwenye heshima zake huweza kuona haya kuuomba. Mtumishi anayeeleza jambo hili na aseme: haki ya kutibiwa bila malipo.

Kadhalika twapenda kutenganisha kifurushi na kitita, maana katika lugha ya kawaida yote mawili ni vitu vilivyofungwa pamoja. Kifurushi ndicho anachokinunua mwanachama; mathalani mwezi Novemba 2019 Mfuko ulitangaza Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, ambavyo bei zake zilitofautiana kwa umri na kwa idadi ya watu. Kitita ni orodha ya huduma na dawa ambazo Mfuko huzilipia, pamoja na bei zake. Kitita kipya kilianza kutumika tarehe 1 Machi 2024. Kwa hiyo mzee aweza kulipia kifurushi kikubwa, na bado dawa yake ya shinikizo la damu isiwemo katika kitita.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na kwa sababu hiyo taratibu na viwango tulivyovitaja yafaa viulizwe upya kabla ya kulipa. Maswali, hata hivyo, yanabaki yale yale: msingi wangu ni upi, nyongeza hii inalipia nini ambacho msingi haulipii, ukomo wa malipo ni kiasi gani, nitasubiri muda gani kabla ya kuanza kutibiwa, na ni hospitali zipi zitakazonipokea?

Tunawasihi wenzetu wanaotafsiri fomu na vipeperushi wayatumie maneno haya kwa maana moja tu, wala wasiyabadilishe kwa ajili ya kupamba. Tangazo hupata kusahihishwa katika toleo lijalo. Mzee aliyekwisha kulipa hana toleo lijalo.